Kicheko Changu Kisiwani

Wiki iliyopita nilikiri hapa kwamba nilimfungia mamangu mzazi ndani kwa ufunguo. Baadhi yenu mmenitukana. Mna haki.

Kwa ambaye hakusoma, mimi ni Mwanabaraka, mtu wa Mombasa. Nakaa Walthamstow, London, na kazi yangu ni kuwaosha na kuwalisha vikongwe katika nyumba ya wazee. Mama alikuja kunitembelea. Siku moja akatoka peke yake, akapotea sokoni saa nne nzima. Kesho yake nilipokwenda kazini nikafunga mlango, nikaondoka na ufunguo. Nduguzangu niliwaambia kitasa kiliharibika.

Mama alirudi kwao kabla ya siku zake kwisha. Pale uwanja wa ndege hakunipa mkono.

"Wawaosha mama za watu," alisema, "mamako wamfungia kama kuku. Sina radhi nawe."

Miaka miwili hakupokea simu yangu. Nikipiga, inaita mpaka inakatika yenyewe.

Asiyejua uzito wa neno hilo, radhi, na amuulize mamake leo hii, maadamu bado yuko.

Sasa nawasimulia siku ya raha.

Safari ilikuwa ya Zein, mdogo wangu. Zein Mungu amemjalia, anakaa Harrow na mkewe Reena, Mhindi wa Mombasa aliyekulia Queensbury, na binti yao Samiha. Alipotimiza miaka hamsini akasema hataki keki wala ukumbi. Anataka jamaa wote wa London twende naye Antigua, kule Karibea, tukakae hotelini ufukweni wiki moja.

Tulikwenda watu kumi na mmoja. Mama Mdogo, yaani mdogo wake mama, ndiye aliyebaki kwa sababu ya magoti. Nikamwachia ufunguo wa nyumba yangu anitilie maji mimea.

Mimi nilikataa mara mbili. Zein akaja mwenyewe mpaka Walthamstow.

"Dada, njoo. Siku yetu ya mwisho, Jumapili, nitampigia mama tukiwa mezani. Awaone wajukuu, acheke kidogo. Halafu nakupa simu kabla hajawahi kukata."

"Akikata?"

"Hatakata. Ana kifua tu siku hizi, hasira zimempungua."

Nilikwenda kwa ajili ya simu hiyo. Bahari ninayo kwetu.

Hotelini kila mtu alifungwa ukanda wa plastiki wa manjano mkononi. Ukiwa nao, chakula, kiti, mwavuli, vyote vyako.

"Kama mahujaji," nikasema.

"Mahujaji wa samaki wa kuchoma," Zein akajibu.

Jumapili ile niliamka kabla ya wote. Nikajipiga picha nimeshika dafu lenye mrija, nikaiweka kwenye status. Nikaandika: *Raha jipe mwenyewe*. Nilijua wapo jamaa Mombasa wanaomwonesha mama picha zetu. Nilitaka anione ninavyopendeza, ili nitakapoomba radhi asiseme naomba kwa shida.

Saa tatu tukakaa kunywa chai. Kando yetu mzee mmoja alikuwa anapiga ngoma zao za chuma. Samiha ana miaka kumi na sita na chakula chake huliwa kwanza na simu. Alikuwa anatuchukua video sote, mmoja mmoja.

"Zein, vipi ile simu?"

"Kunywa chai kwanza, dada. Huko ni saa kumi, mama ndiyo kwanza ametoka kuswali alasiri. Mwache apumue."

Nikanywa. Mara akatua ndege mweusi mwenye macho ya manjano katikati ya meza. Akatazama kulia, akatazama kushoto, kama askari wa kanjo, wale wa manispaa. Akanyakua pakiti ya sukari mkononi mwa Reena, akaruka nayo.

"Mwizi!" Reena akapiga kelele. "Huyu si wa hapa, huyu wa soko la Kongowea!"

Wallahi nilicheka. Nilicheka mpaka kofia ikadondoka, mpaka chai ikanipalia. Miaka miwili nilikuwa sijacheka hivyo. Samiha alikuwa ameshanigeuzia simu yake, nami nikazidi.

Zein alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, ameshika simu mbele ya mdomo wake kama kipande cha mkate, wanavyozungumza vijana siku hizi kwa spika. Nilimwona kwa jicho la pembeni tu.

Nilipogeuka alikuwa ameshakaa.

"Ni nani?"

"Watu wa kazini. Hata Jumapili hawana adabu."

"Haya, mpigie mama."

Akakoroga chai isiyokuwa na sukari.

"Amelala, dada. Wameniandikia kifua kimemchosha. Labda jioni."

"Jioni yetu ni usiku wao, Zein."

"Basi tukifika nyumbani. Nakuahidi."

Nikameza. Mtu anayeomba radhi hachagui saa.

Haikupita muda, kabla hata ya saa tano, nikamwona Zein anatembea peke yake ufukweni, simu sikioni, anakwenda tu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Chumvi," akasema.

Akamwita Reena pembeni, kisha wengine. Mimi nilikuwa majini na dera langu. Dera lilijaa hewa likaumuka juu ya maji, na watoto wa Kizungu wakanishangaa. Nilipotoka, Reena alikuwa ananingoja na taulo amelikunjua.

"Wifi, nipe simu yako. Leo hakuna simu. Wapumzika."

"Lakini..."

"Nipe, mpenzi. Miaka mingapi hujapumzika wewe?"

Nikampa. Akaitia mkobani mwake.

Kuanzia hapo, wasomaji wangu, nilipendwa.

Nilipewa kiti chenye kivuli kizuri kuliko vyote. Binamu yangu mmoja, ambaye tangu mama aondoke London alikuwa akinipita kama nguzo ya taa, aliniletea samaki na sima yao wanayoichanganya na bamia. Akanitolea miiba.

"Kula, dada. Kula wewe."

Mwingine alinifunika shuka miguuni. Mwingine akauliza kama jua linanisumbua. Samiha alichota maji kwa ndoo ya kuchezea mchanga, akapiga magoti, akaniosha miguu. Mimi nimeosha miguu ya watu miaka kumi na minne London. Siku hiyo nikaoshwa ya kwangu.

Nikasema moyoni: wamenisamehe. Na kama hawa wamenisamehe, mama naye yuko njiani.

Ndiyo maana alasiri, chini ya ule mwavuli, nilimwambia Zein ukweli.

"Kitasa hakikuharibika. Nilifunga mimi, nikauchukua ufunguo. Nilimsikia akigonga nikiwa ngazini, na sikurudi. Nilikuwa nimechelewa kazini."

Zein akaweka mikono usoni, akalia kwa sauti, mtu mzima na ndevu zake, mbele ya wageni waliolala juani.

Nikampapasa mgongo. Nikadhani ananililia mimi.

"Nyamaza," nikamwambia. "Tukifika nyumbani nitamwomba mwenyewe."

Akalia zaidi.

Nasema tena, hiyo ilikuwa siku ya raha kuliko zote nilizowahi kupata tangu nije Ulaya. Niliwashukuru mmoja mmoja. Nilimwambia Reena, "Sikujua kama mwanipenda hivi." Reena akainama kufunga kiatu kisichokuwa na kamba.

Tuliruka Jumatatu. Simu yangu, Reena akasema, ilikuwa imeisha chaji, iko chini kabisa ya begi. Sikuuliza tena. Wajinga ndio waliwao, na mimi siku hiyo nililiwa na kofia yangu ya ukili kichwani.

Jumanne asubuhi tukafika London. Mvua ya rasharasha. Zein akasema atanipeleka kwangu, naye na Reena na Samiha wataingia kidogo. Nikasema haina haja, wamechoka. Akasema wataingia.

Gari lilipokata kona ya mtaa wangu nikaona makochi yangu.

Yalikuwa nje, mbele ya nyumba, yamefunikwa mifuko ya taka, yanatota. Meza ya kahawa imewekwa juu, miguu yake imeelekea mbinguni. Jirani yangu Mwingereza alikuwa amesimama hapo na mbwa wake.

"Unayatupa haya?" akaniuliza. "Maana lile dogo ningelichukua."

Nilikuwa natazama mlangoni. Ngazi mbili zote zimejaa viatu, ndara na viatu vya kike, vya kufika hamsini.

Kwetu Mombasa viti hutolewa nje kwa mambo mawili: harusi au msiba. Na mimi sikuwa na mtu wa kuoza.

"Zein," nikasema. "Nani?"

Zein alikuwa anashusha begi. Hakuinua uso.

Nikaingia hivyo hivyo, na kofia, na dera la maua, na mfuko wa peremende za nazi za kuwapa majirani. Sebuleni kwangu mikeka ilitandikwa ukuta kwa ukuta. Wanawake wamejaa, buibui moja baada ya jingine, misahafu mapajani. Harufu ya udi. Misahafu ikafungwa mara moja.

Mama Mdogo akanyoosha mkono kutoka kwenye mkeka.

"Karibu, mwanangu. Pole na safari. Kaa."

"Nani, Mama Mdogo?"

"Kaa kwanza. Umekula?"

"Nani?"

"Tonge moja, mwanangu. Msafiri haambiwi na tumbo tupu. Tonge moja tu."

Mtu akanitia andazi mkononi. Nikaliuma. Mpaka leo silijui ladha yake, lakini nakumbuka nililitafuna, kwa adabu, watu hamsini wakinitazama mdomo.

Nilipomeza ndipo akasema.

"Mamako."

"Lini?"

"Jumapili, kabla ya magharibi. Alizikwa jana baada ya adhuhuri. Watu walijaa, mashallah. Alipata dua nyingi."

Jumapili kabla ya magharibi. Nikahesabu saa kwa vidole kama mtoto. Kwao kabla ya magharibi, kwetu kule Antigua haijafika saa tano asubuhi. Nilikuwa majini. Dera limeumuka.

Kwa hiyo samaki aliyetolewa miiba alikuwa wa matanga. Shuka lilikuwa la matanga. Miguu yangu ilioshwa na mtoto aliyekwisha jua.

Sikulia. Mama Mdogo aliutazama ule ukanda wa manjano, bado uko mkononi mwangu. Akaomba mkasi. Ukapitishwa mkasi kutoka mkono hadi mkono juu ya misahafu, akaukata mwenyewe, akautia chini ya mkeka wake kama kitu cha haya.

Reena akanirudishia simu. Ilikuwa na chaji.

Ujumbe ulimiminika. *Pole kwa msiba. Inna lillahi. Pole, Mwanabaraka.* Mmoja baada ya mwingine, kuanzia Jumapili ile ile. Na katikati yake, kutoka kwa mke wa jirani yetu kule Mombasa, picha ya status yangu, mimi na dafu langu, na maneno yake chini: *Tumekuona. Sisi tunamwosha mamako, wewe wajipa raha.*

Nikasimama.

Zein alikuwa mlangoni. Wanaume walikuwa wamekaa nyumba ya pili kwa jirani Msomali, lakini yeye alikuwa hajaenda.

"Mlijua wote," nikasema.

"Dada..."

"Mlijua wote kumi!"

"Ungefanyaje?" Sauti yake ilikuwa chini. "Nieleze. Hakuna ndege ambayo ingekufikisha. Angezikwa uko angani, peke yako, unalia mbele ya watu usiowajua. Ndivyo tulivyolelewa, dada. Mtu aliye ugenini haambiwi, hungojewa afike kwake. Nilitaka upate siku moja."

"Siku moja ya nini?"

"Ya kupumzika."

Mwanamke mmoja alianza kulia nyuma yangu. Mimi nilikuwa na swali moja tu, na nilikuwa naliogopa.

"Alinitaja?"

Zein akatazama chini.

"Zein. Mama alinitaja?"

"Alikutaja. Alipiga mwenyewe asubuhi ile." Akapangusa mdomo. "Nilizungumza naye. Amekufa radhi nawe, dada. Kwa kinywa chake. Alisema, mwambie Mwanabaraka nimemwia radhi."

"Alhamdulillahi," akasema Mama Mdogo, na mkeka mzima ukaitika.

Nikaanguka pale pale, na sasa ndiyo nikalia. Kulia kwa furaha katika msiba, nani amewahi kusikia? Nilibusu mikono ya watu. Miaka miwili ilinitoka mgongoni kama gunia.

"Mbona hukunipa simu?" nikamuuliza katikati ya kilio, wala si kwa ugomvi. "Japo nisikie pumzi yake."

"Ulikuwa umeshaingia majini, dada. Ulikuwa mbali. Na yeye alikuwa hawezi kungoja."

Nikaitikia kwa kichwa. Ni kweli niliingia majini. Nikajilaumu mimi na dera langu.

Ndipo Samiha akasema. Alikuwa amekaa kwenye ngazi za kwenda juu, mtandio umemteleza, na alisema kwa Kizungu chao cha London, ambacho ndicho hujibia kila kitu.

"Lakini Anti hakuwa majini, baba. Bibi alipiga wakati wa chai. Wakati wa yule ndege. Ninayo."

"Samiha," Zein akasema. "Panda juu."

"Ninayo kwenye video. Unaonekana nyuma yake. Nilidhani mngependa kuwa nayo, kwa sababu sauti ya bibi imo."

"Panda juu, nimesema! Nipe hiyo simu!"

Hakuna aliyewahi kumsikia Zein akipaza sauti msibani.

Akapiga hatua. Reena akasimama mbele yake.

"Mwache," akasema Reena.

"Reena, ondoka."

"Nilikwambia Jumapili ile, Zein. Nilikwambia mpe simu, yuko hapo. Nikanyamaza kwa sababu ukasema ni mambo ya kwenu. Leo sinyamazi. Samiha, mpe shangazi yako."

Mtoto akashuka, akapita katikati ya wanawake, akaniwekea simu kiganjani.

Video yenyewe fupi, haifiki nusu dakika. Nikaibonyeza.

Kwanza meza. Chai, mapapai, mkono wa Reena na pakiti ya sukari. Ndege anatua. Ngoma za chuma zinalia. Halafu mimi, uso mzima, na nyuma yangu, karibu kiasi kwamba shati lake linagusa kofia yangu, Zein na simu mbele ya mdomo.

Kutoka kwenye simu hiyo ikatoka, chini ya zile ngoma ambazo siku ile zilinizibia masikio, sauti ninayoijua kabla sijalijua jina langu.

"Mpe Mwanabaraka. Yuko wapi Mwanabaraka?"

Na Zein: "Hayuko karibu, mama. Yuko baharini."

Kikohozi. Kisha mama akasema, polepole, kama mtu anayetaka yashikwe vizuri: "Basi mwambie..."

Ndege akanyakua sukari.

Nikacheka.

Nilicheka, wasomaji wangu. Kinywa wazi, meno yote nje, kofia inadondoka, na kicheko changu kikajaa kwenye ile simu kikafunika ngoma, kikafunika bahari, kikafunika maneno ya mamangu yote, kuanzia la kwanza hadi la mwisho. Niliweka sikio juu ya kioo. Sikusikia ila mimi.

Kisha nikapaliwa na chai. Nikanyamaza. Na katika kunyamaza kwangu, kabla video haijakatika, ikasikika sauti ya Zein, nyembamba, karibu na kulia.

"Mama, usiseme hivyo. Nakuomba, mama. Usiseme hivyo."

Ikaisha.

Nikairudisha mwanzo. Nikasikiliza tena. Mara ya tatu Mama Mdogo akanishika kifundo cha mkono, pale ulipokuwa ukanda, akasema basi, mwanangu, basi.

"Zein," nikasema bila kuinua macho. "Mtu akipewa radhi, huambiwa usiseme hivyo?"

Nilipoinua macho, Zein alikuwa nje kwenye mvua, ameinama mlangoni, anatafuta viatu vyake kati ya viatu vya watu.